Haki za Watu Wenye Ulemavu Dar es Salaam: Mwongozo wa Kuzidai Kuanzia Ofisi ya Mtaa Hadi Baraza la Madiwani

Ofisi ya serikali ya mtaa wetu ina ngazi tatu mlangoni. Nilizipanda miaka mingi bila kuziona. Siku niliyomsindikiza jirani yangu anayetumia kiti mwendo kwenda kuchukua barua ya utambulisho, ndipo nilipoziona. Yeye alibaki juani, mimi nikaingia kumsemea. Mtendaji alikuwa mtu mwema, akatoka nje na daftari lake, wakamalizana hapohapo barabarani: jina, nyumba anayopanga, barua ni ya nini. Wauza genge na vijana wa bodaboda wakasikia kila kitu. Barua aliipata, lakini siri zake alizimwaga hadharani, na mimi niliyepanda ngazi sikuombwa kitu kama hicho hata siku moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikishughulika na mambo haya mtaani, na nimejifunza kwamba Tanzania haina upungufu wa maneno mazuri kuhusu ulemavu. Nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, na kanuni zake zikatoka mwaka 2012. Kinachokosekana ni mtu wa kuyatoa maneno hayo kwenye makabati na kuyafikisha mlangoni pa mtendaji. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo, awe ana ulemavu mwenyewe au ni mzazi, ndugu au jirani.

Nimeuandika kwa kuangalia Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakokujua. Kumbuka tu kwamba mkoa huu una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi mwaka 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina mkurugenzi wake, bajeti yake na madiwani wake. Mkazi wa Mbagala akipeleka barua Kinondoni amepoteza nauli.

Hatua ya kwanza: Ingia kwenye daftari

Halmashauri hupanga kwa idadi. Mtaa usio na takwimu za watu wenye ulemavu huhesabiwa kuwa hauna watu hao, na usio nao haupangiwi kitu.

Nenda kwa mtendaji wa mtaa, umuulize swali moja: daftari la watu wenye ulemavu wa mtaa huu liko wapi? Sheria inazitaka serikali za mitaa kuwatambua na kuwaandikisha. Mahali pengine utaonyeshwa daftari zuri, pengine utaonyeshwa karatasi mbili zilizoandikwa miaka kadhaa iliyopita, pengine utaambiwa, "Hapa kwetu hawapo wengi." Ukiambiwa hivyo usigombane. Chukua kalamu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Mtaa wenye watu 4,000 wa umri huo, kwa wastani wa taifa, ungekuwa na watu karibu 450. Daftari lenye majina kumi na tano maana yake ni kwamba wengine wako ndani ya nyumba.

Kuwapata hao waliomo ndani ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika mwongozo huu, na ndiyo inayostahili muda wako. Wajumbe wa mashina wanazijua nyumba, lakini mjumbe akipita na karatasi akiuliza "Kuna mlemavu humu?" atajibiwa hapana hata kama yupo chumba cha pili. Familia zina hofu. Kuna wanaoogopa kusemwa kwamba wamerogwa au wamelaaniwa. Wenye mtoto mwenye ualbino wana sababu nzito zaidi ya kutotaka jina lake lizagae, na mtu yeyote anayejua yaliyowapata watu wenye ualbino nchini hapaswi kuwalaumu. Kwa hiyo nenda na mtu mwenye ulemavu, au mama mwenye mtoto mwenye ulemavu, awe ndiye anayebisha hodi. Kaa, kunywa maji, zungumza mambo mengine kwanza. Uliza kwa namna inayofungua: "Kuna mtu hapa anayepata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka mambo au kujihudumia?" Kwa swali hilo utamwandika hata bibi aliyepoteza macho kwa kisukari, ambaye hajawahi kujiita mtu mwenye ulemavu.

Andika jina, umri, aina ya ulemavu, kifaa saidizi alichonacho na anachokihitaji, kama ni mtoto yuko shule gani, na kama ni mtu mzima anafanya kazi gani. Daftari likae ofisini kwenye kabati linalofungwa. Orodha ya namna hiyo haitumwi kwenye makundi ya WhatsApp.

Na lugha iwe ya heshima. Sema mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino, kiziwi, asiyeona. Maneno kama zeruzeru, taahira na bubu yaache yaishe yenyewe kwa kutotumiwa, hasa kwenye karatasi za serikali.

Hatua ya pili: Uliza kamati iko wapi

Watu wengi hawajui kwamba kunatakiwa kuwe na Kamati ya Watu Wenye Ulemavu kuanzia mtaa, kata, halmashauri hadi mkoa. Hiki ni chombo cha kisheria, tofauti na chama cha kujitolea. Uzuri wake ni kwamba kikiandika barua, ofisi haiwezi kuichukulia kama malalamiko ya mtu mmoja.

Kama mtaani kwenu haipo au ilikufa, muombe mwenyekiti wa mtaa aiweke kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, kwa hiyo viongozi waliopo wana miaka ya kutosha mbele yao kuifanyia kazi. Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri anapaswa kusaidia kuiunda, mualike mapema.

Wakati wa kuchagua wajumbe, angalia jambo moja. Kamati nyingi hujaa watu wenye ulemavu wa viungo peke yao kwa kuwa ndio wanaoonekana. Hakikisha kiziwi yumo, asiyeona yumo, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili yumo, na wanawake wamo. Kisha mkutano wenyewe uwafae. Dada yangu ni kiziwi. Alichaguliwa mjumbe kwa makofi mengi, na mikutano mitatu ya mwanzo alikaa akitazama midomo ya watu wanaoongea kwa pamoja. Alikuwa mjumbe kwa jina. Mkutano wa nne tulikubaliana hivi: anayeongea ananyoosha mkono kwanza, anaongea mmoja tu, na anakuwepo mtu anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania. Mkalimani tulimpata kupitia chama cha viziwi. Siku hiyo dada yangu alizungumza kwa dakika kumi bila kukatizwa, na hoja aliyoitoa, kwamba zahanati inaita wagonjwa kwa sauti tu na viziwi wanapitwa na zamu, ndiyo ikawa barua yetu ya kwanza.

Kama hamjui pa kuanzia kumpata mkalimani au mtu wa nukta nundu (maandishi ya kupapasa ya wasioona), ulizieni Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, linalounganisha vyama vya aina mbalimbali za ulemavu.

Hatua ya tatu: Pima tatizo, usililie tu

Ofisa hupata kazi kubwa kuikataa namba. Ukimwambia "jengo lenu si rafiki" atakujibu "tutalifanyia kazi." Ukimwambia "mlango una upana wa sentimita 68 na kiti mwendo hakipiti" itambidi aende akautazame.

Chukua tepu ya fundi. Nitaeleza kwa mfano wa zile ngazi tatu za ofisini kwetu.

Kila ngazi ilikuwa na kimo cha sentimita 15. Jumla ni sentimita 45 kutoka ardhini hadi sakafuni. Kanuni inayotumika sana kwa njia mteremko, ile ya kupitisha kiti mwendo badala ya ngazi, ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko. Zidisha 45 kwa 12, unapata sentimita 540, yaani mita 5 na nusu hivi. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanaona uwanja una mita mbili, wanamwaga zege la mita mbili, wanapaka rangi na kuchora alama ya kiti mwendo ukutani. Njia hiyo ni mwinuko wa kumwangusha mtu kichalichali. Nimeona iliyojengwa hivyo kwenye jengo la huduma, na wenye viti mwendo walikuwa wakiburutwa juu kinyumenyume na watu wawili.

Uwanja wetu ulikuwa na mita nne. Jibu lake ni kuikunja njia: inapanda kwa urefu fulani, inafika kwenye kibaraza cha bapa cha sentimita 150 kwa 150 ambapo kiti kinaweza kugeuka, kisha inapanda tena hadi mlangoni. Juu mlangoni nako paachwe bapa, maana mtu hawezi kufungua mlango huku kiti kinarudi nyuma. Pembeni pawe na ukingo ili gurudumu lisichomoke, na vishikio pande zote mbili. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 90 hivi. Chooni mlango ufungukie nje, kuwe na kishikio ukutani, na nafasi ya kiti kugeuka.

Piga picha tepu ikiwa imewekwa pale pale ili namba isomeke. Pima pia mambo yasiyohusu magurudumu: je, matangazo ya ofisi yanabandikwa ukutani tu? Asiyeona atayajuaje? Je, wanatangaza kwa kipaza sauti tu? Kiziwi atajuaje?

Hatua ya nne: Andika barua, na utoke na muhuri

Maneno ya mdomo ofisini huishi mpaka mlango ufungwe. Barua yetu ilikuwa ukurasa mmoja. Unaweza kuifuata hivi:

*Mkurugenzi wa Manispaa,*
*(jina la manispaa)*

*K.K.: Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Mtaa*

*YAH: OMBI LA KUJENGEWA NJIA MTEREMKO KATIKA OFISI YA SERIKALI YA MTAA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati ya Watu Wenye Ulemavu ya Mtaa ilikutana tarehe … na kubaini kuwa wakazi … wenye ulemavu waliomo kwenye daftari la mtaa hawawezi kuingia katika ofisi hii bila kubebwa. Mlango una ngazi 3 zenye kimo cha jumla cha sentimita 45 (picha zimeambatishwa).*

*Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inataka majengo yanayotoa huduma kwa umma yafikike. Tunaomba ujenzi wa njia mteremko yenye urefu usiopungua mita 5.4 uingizwe katika bajeti ya mwaka wa fedha … Tunaomba kupatiwa majibu kwa maandishi ndani ya siku 30.*

K.K. ni kupitia kwao, na usiwaruke. Barua iliyomruka mtendaji wa kata hurudishwa kwake, na inarudi ikiwa imemkasirisha. Chapisha nakala mbili. Moja unaiacha masijala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unaondoka nayo. Nakala hiyo yenye muhuri itunze kama hati ya kiwanja, utaihitaji mbele.

Hatua ya tano: Wahi kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Wengi hupeleka maombi Mei au Juni wakidhani wamewahi, kumbe mlango umefungwa zamani. Mapendekezo huanzia mitaani, huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, huenda kwa wataalamu wa halmashauri, hupitishwa na Baraza la Madiwani, ndipo huenda ngazi za juu hadi Bungeni, ambako vikao vya bajeti huanza Aprili. Kwa hiyo ombi lako lifike kwa mtendaji wa mtaa Septemba au Oktoba, na Novemba uwe umeshaonana na diwani.

Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi. Raia anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Nendeni wengi, wenye viti mwendo, wenye fimbo nyeupe, na mkalimani wa alama. Hamtapewa nafasi ya kuchangia, lakini diwani anayesimama kutetea njia mteremko huku wenye kuihitaji wameketi mbele yake husema tofauti na anayesoma karatasi. Na kama ukumbi wenyewe haufikiki, hiyo nayo ni barua nyingine.

Asilimia mbili

Hapa kuna haki yenye fedha ndani yake. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Serikali iliisitisha Aprili 2023 kwa sababu ya dosari katika utoaji na urejeshaji, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, ambapo halmashauri 10, Jiji la Dar es Salaam likiwemo, zilipangwa kuitoa kwa kutumia benki.

Mwenye mlango huo ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Muulize masharti ya sasa ya halmashauri yako, maana idadi ya wanakikundi inayotakiwa kwa watu wenye ulemavu ni ndogo kuliko ya makundi mengine. Mtahitaji katiba ya kikundi, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi. Andiko liwe la kweli. Kama ni mradi wa kufuga kuku, andika bei ya vifaranga ya wiki hii na ya chakula cha kuku dukani kwenu. Wakaguzi wanajua kunusa andiko lililonakiliwa stationery.

Nina uchungu na mambo mawili hapa. La kwanza ni vikundi vya watu wasio na ulemavu vinavyomweka mtu mmoja mwenye ulemavu kwenye orodha ili vipate fungu hilo. Kamati ya mtaa iombe orodha ya waliopewa na iilinganishe na daftari. La pili ni fungu kubaki bila kuombwa kwa sababu tangazo lilibandikwa mahali ambapo wahusika hawafiki. Mkiona hivyo, rudini kwenye hatua ya nne.

Usafiri, shule, hospitali, kazi

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yalijengwa na vituo vilivyo usawa wa sakafu ya basi, na hilo ni jambo jema. Saa za msongamano ndipo linapoharibika, kwa kuwa mwenye kiti au fimbo husukumwa nyuma. Mwombe mhudumu wa kituo akupitishe kabla ya umati. Ni haki yako, usiombe kwa kujikunja. Kwa daladala, konda akikuacha kituoni kwa sababu ya kiti chako, au akikutoza nauli ya kiti, andika namba ya gari, njia, saa na kituo, upeleke LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Malalamiko yasiyo na namba ya gari hayafiki popote.

Mtoto akikataliwa shule, omba sababu kwa maandishi na uende kwa Afisa Elimu wa halmashauri. Zipo shule za umma zenye uzoefu mrefu wa kufundisha watoto wenye ulemavu, kama Uhuru Mchanganyiko iliyoko Ilala, lakini kuwepo kwake si ruhusa kwa shule ya jirani kukufukuza. Hospitalini, asiye na uwezo wa kulipa amuone Afisa Ustawi wa Jamii kabla ya kwenda dirisha la malipo, akiwa na barua ya mtaa. Kuhusu ajira, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi anatakiwa kuwa na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Halmashauri yenyewe ni mwajiri, muulizeni mkurugenzi wake amefikia ngapi.

Ukinyimwa jibu

Siku 30 zikipita kimya, andika barua ya kukumbushia, ambatisha nakala ya kwanza yenye muhuri, na nakala yake mpelekee Mkuu wa Wilaya. Bado kimya? Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo, na ina mamlaka ya kuchunguza ofisi za umma. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watakusaidia kuandika bila kukutoza. Ukatili au kufichwa kwa mtu ndani ya nyumba hakusubiri siku 30. Hilo ni la polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyohiyo.

Simamia zege

Ombi likikubaliwa msiende kulala. Muombeni mtendaji awajulishe siku fundi anapoanza. Nendeni na tepu wakati mbao zimeshafungwa na uzi umeshavutwa, kabla ya zege. Pimeni urefu, pimeni kibaraza cha kugeukia, mshikeni fundi mkono taratibu akitaka kufupisha kwa sababu ya mifuko ya saruji. Kwetu alikuwa ameshavuta uzi wa mita nne. Jirani yangu alisogeza kiti chake hadi mwisho wa uzi, akamwambia, "Fundi, kaa wewe humu, mimi nikusukume." Fundi akakaa. Alipoinuka akang'oa vigingi vyake na kuanza kupima upya.